Heshima Haikatazi Swali: Maadili Katika Shule za Msingi za Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa miongo mingi sasa, sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mama imekabidhiwa mwalimu wa shule ya msingi. Nchini Kenya, mtaala baada ya mtaala umemtwika mwalimu huyo mzigo wa kumlea raia mwema. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka elimu ijenge umoja wa taifa changa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilitilia mkazo maadili ya jamii. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na somo lililochanganya Jiografia, Historia na Uraia. Mtaala wa Umilisi nao, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umeorodhesha maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu.

Makala hii haina ugomvi na orodha hiyo. Hakuna mzazi wa Malindi, Magarini, Ganze wala Kaloleni ambaye angependa mwanawe akue bila upendo au uadilifu. Suala linalostahili kujadiliwa ni namna orodha hiyo inavyofasiriwa ifikapo darasani. Inadaiwa hapa kuwa katika shule nyingi heshima imefanywa kuwa jina jingine la utiifu, na kwamba katika pwani ya Kilifi kosa hilo la kufasiri neno moja lina gharama inayopimwa kwa uhai wa watu. Kwa vile kosa lenyewe ni la lugha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuwa mstari wa mbele katika kulirekebisha.

Methali moja darasani

Miongoni mwa methali zinazojulikana zaidi na watoto wa shule ni ile isemayo, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Katika enzi ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, mwanafunzi aliweza kupata alama kwa kuikamilisha tu methali au kuchagua maana yake miongoni mwa majibu manne. Hakuulizwa mkuu huyo ni nani, amesema nini, wala itakuwaje iwapo ni mkuu mwenyewe anayempeleka mtoto shimoni.

Ifahamike kuwa kosa si la methali. Hazina ya methali za Kiswahili haikukusudiwa itumike kwa upande mmoja. Anayesema "Haraka haraka haina baraka" hujibiwa na mwenzake, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na msikilizaji huachiwa apime. Vivyo hivyo, kando ya "Asiyesikia la mkuu" pana "Kuuliza si ujinga." Wahenga walizikusanya zote mbili katika kapu moja kwa sababu walijua kuwa maisha yana nyakati za kusikia na nyakati za kuuliza. Darasa linalofunza ya kwanza kila wiki na kuipitia ya pili mara moja kwa mwaka limelipunguza kapu hilo.

Hali kadhalika, maana ya heshima yenyewe imepunguzwa. Mtoto wa pwani anapoamkia "Shikamoo," mkubwa anawajibika kuitikia "Marahaba." Mkubwa asiyeitikia huonekana amekosa adabu, hata awe na mvi kiasi gani. Katika maamkizi hayo mafupi mna somo kamili la uraia: heshima ina pande mbili, na aliye juu ana wajibu kwa aliye chini. Utiifu ni wa upande mmoja. Mwalimu anayelinganisha mambo haya mawili anampokonya mtoto nusu ya kile ambacho lugha yake tayari imempa.

Mvi zilizogeuka hatari

Athari ya upungufu huo inaonekana waziwazi katika jambo ambalo limeitia doa Kaunti ya Kilifi kwa miaka mingi, nalo ni mauaji ya wazee kwa shutuma za uchawi. Vyombo vya habari, watetezi wa haki za binadamu na maafisa wa utawala wameyaeleza mara nyingi. Mzee huanza kunong'onezwa. Kifo cha mtoto au maradhi ya jirani huhusishwa naye. Kisha usiku mmoja huvamiwa kwa mapanga. Mara kwa mara imebainika kuwa nyuma ya tuhuma hizo pana mgogoro wa ardhi ya urithi, na kwamba washukiwa ni vijana wa ukoo wa mzee mwenyewe. Wapo wazee waliolazimika kupaka nywele rangi nyeusi ili kuficha umri. Katika Kaya Godoma, eneo la Ganze, palianzishwa makao ya kuwahifadhi wale waliokimbia nyumba zao.

Hapana shaka kwamba wengi wa vijana wanaotenda unyama huo waliwahi kukaa darasani. Waliimba juu ya kuwaheshimu wazee, wakaandika insha zinazomalizikia kwa "Penye wazee haliharibiki neno." Neno heshima walilijua. Hawakuwahi kuzoezwa kuuliza maswali matatu mepesi pale uvumi unapoingia kijijini: Nani amesema? Ushahidi uko wapi? Nani atalirithi shamba mzee huyu akifa? Mtoto aliyezoezwa kupokea kila linalosemwa kwa sauti kubwa atapokea pia uvumi, kwa kuwa uvumi nao huja na sauti ya mkuu.

Jambo hili linatia uchungu zaidi mtu anapokumbuka ni nani anayetajwa kuwa shujaa wa eneo hilo. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo na kuwalisha kiapo cha kupinga kazi na kodi za serikali ya kikoloni. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka na kurejea pwani 1914. Mwaka huohuo serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Simulizi nyingi humtaja Mekatilili kuwa mjane aliyethubutu kusema hadharani mbele ya wazee wa kiume na maafisa wa Kizungu. Shule humfundisha kama jina la kukariri chini ya kichwa cha uzalendo. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa: mjane mwenye umri kama wake, asemaye kwa sauti kama yake, anatendewaje leo katika vijiji vya Kilifi? Swali hilo moja lingemfunza mtoto uzalendo, haki na heshima kwa pamoja, tena kwa kisa anachokijua.

Funzo la Shakahola

Mnamo Aprili 2023, dunia nzima ililisikia jina la msitu wa Shakahola, ulioko bara ya Malindi. Waumini waliokuwa wamehamia humo walifunga kula hadi kufa wakiamini kuwa wangekutana na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Mahubiri yaliyohusishwa na kundi hilo yalikuwa yameipinga shule kwa muda mrefu kabla ya hapo, na wapo watoto walioondolewa madarasani. Suala la nani alaumiwe kisheria ni la mahakama. Suala la kielimu ni la kila mwalimu.

Yafaa kukumbuka kwamba waliofika Shakahola hawakuwa watu wa pwani pekee. Walitoka sehemu mbalimbali za Kenya, na wengine walikuwa wamesoma na kuacha kazi nzuri. Kwa hiyo haitoshi kusema kuwa dawa ni kila mtoto aende shule. Waliokwenda shule wakafunzwa kukubali tu hawakuwa na kinga kubwa kuliko wasiokwenda. Nao watoto waliokufa mle msituni hawakuvunja methali yoyote. Walilisikia la mkuu hadi mwisho.

Kwa upande mwingine, hatari ya utiifu usio na swali haikomei msituni. Katika mji wa kitalii kama Malindi, mtoto hukutana na wakubwa wa kila namna: mgeni mwenye zawadi, jamaa mwenye ahadi, mfadhili mwenye masharti ya siri. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamlinda mtoto huyo kwenye karatasi. Ufukweni hulindwa kwanza na uwezo wake wa kusema "La" na kwenda kumweleza mtu anayemwamini. Mtoto aliyefunzwa kuwa kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu atalipata wapi neno hilo?

Swali dadisi ni la nani?

Mtaala wa Umilisi haukulisahau jambo hili. Katika muundo wa somo la Kiswahili mna safu iitwayo "Maswali Dadisi," na uwazaji kina umetajwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hata hivyo, mara nyingi swali dadisi huulizwa na mwalimu, likajibiwa kwa pamoja na darasa, na jibu likawa lile lililokwisha kuandikwa kitabuni. Mwanafunzi hudadisiwa, hadadisi. Ngano nazo zimepatwa na mkosi huohuo. Sungura, kiumbe mdogo anayewashinda fisi na simba kwa akili, husomwa haraka ili darasa lifikie "funzo" la sentensi moja, kwamba tusiwe walafi. Funzo kwamba mdogo anaweza kuigundua hila ya mkubwa hupotea.

Wapo watakaopinga kwamba kumhimiza mtoto aulize ni kumfunza ujuvi. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwalimu mwenye darasa lililofurika, kama madarasa mengi yalivyofurika tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, anahitaji utulivu ili afundishe. Lakini Kiswahili kinatofautisha waziwazi kati ya kuuliza na kubisha, kati ya hoja na ufidhuli. "Samahani mwalimu, naomba kuuliza" ni adabu na ni swali kwa wakati mmoja. Adabu si adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, na nafasi kilichoiacha inafaa kujazwa na mazungumzo, si na kimya. Wengine watadai kuwa mambo ya uchawi na madhehebu ni mazito kwa mtoto wa Gredi ya 5. Ukweli ni kwamba mtoto huyo ameyasikia tayari mtoni, sokoni na matangani. Shule ikinyamaza, atafunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo ndio wenye mapanga.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo, yapo mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri mtaala mwingine. Kwanza, methali zifunzwe kwa jozi, na mwanafunzi apewe kisa kisha aeleze ni methali ipi inafaa na kwa nini. Pili, angalau swali dadisi moja katika kila kipindi litoke kwa mwanafunzi na liandikwe ubaoni kwa maneno yake, hata kama ni ya Kigiriama. Tatu, wazee waalikwe darasani kusimulia ngano, vitendawili na historia za vijiji. Mzee ambaye mtoto amemsikiliza akisimulia, akamuuliza na kujibiwa, si rahisi kumsadiki mtu akisema kuwa ni mchawi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina nafasi ya pekee hapa. Kila mwaka wanachama wao huenda katika mazoezi ya kufundisha, wengine wakipangiwa shule za Kilifi. Wanaweza kurudi na ngano zilizokusanywa kutoka kwa wazee hao, zikachapishwa pamoja na maswali ambayo watoto wenyewe waliyauliza. Kazi kama hiyo ingekuwa fasihi simulizi, ingekuwa malezi, na kwa baadhi ya wazee ingekuwa ulinzi.

Kiswahili kimewapa wasemaji wake neno utu, ambalo halimo katika orodha ya maadili manane lakini ndilo linaloyabeba yote. Utu humtaka mdogo asikie na mkubwa aulizwe. Shule ya msingi itakayoyafunza yote mawili katika pwani ya Kilifi itawaokoa watoto, na mzee wa Ganze hatahitaji tena kupaka nywele zake rangi.