Mufundi wa frigo: patanti anayo, lakini nani alipima mukono wake?

Kalemie ao Kindu, jua ikikaza, namba ya mufundi wa frigo iko ndani ya simu ya kila mutu: mama mwenye kuuzisha samaki, mwenye farmasi, ofisi yenye klimatizeri tatu kwenye ukuta. Mufundi anakuja na chupa ya gazi, manometa na shalimo. Anajaza gazi, baridi inarudi, analipwa, anaenda. Hakuna mwenye kumuuliza alijifunza wapi.

Serikali yenyewe inamuuliza karatasi. Mudogo anaombwa patanti. Mwenye kufungua kampuni anaenda kutafuta RCCM, yaani rejista ya biashara, namba ya kitaifa na namba ya kodi. Bila izo, mashirika na kampuni kubwa hawamupe kontra. Tena kuko sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017, juu ya kampuni zenye kuchukua kazi chini ya kampuni zingine: inaomba mutaji mukubwa ukuwe wa Wakongomani. Sawa. Lakini karatasi zote izo zinaonyesha nani alilipa na nani mwenye mali. Hakuna hata moja yenye kuuliza kama mutu anajua kupima gazi.

Kwa hiyo mufanya-biashara mwenye hajawahi kushika manometa anaweza kupata kontra ya kutia klimatizeri 20, kwa sababu dosiye yake iko kamili. Kisha anaita kijana wa ateliye, anamulipa kwa siku. Kijana ndiye anapanda ngazi. Mashini ikikufa kisha wiki mbili, kijana ndiye anaitwa muizi.

Zamani kosa la mufundi lilimaliza samaki tu, ao dawa za chanjo, zenye nyingi zinapashwa kukaa kati ya digri 2 na 8. Hiyo peke ilikuwa mubaya ya kutosha. Sasa gazi zenyewe zinabadilika. R-22, ile ya klimatizeri za zamani, iko inatoka: kufuatana na Mapatano ya Montreal, inchi kama Congo zilipashwa kuipunguza kwa 67,5% mu 2025, na kuanzia 2030 itabakia kidogo sana, ya kutengeneza mashini za zamani tu. Mu 2016, pale Kigali, karibu tu na mupaka wetu, inchi zilipatana kupunguza na zile zilifuata, kama R-134a na R-410A.

Mahali pake kunaingia R-600a ndani ya frigo mupya, R-290, na R-32 kwa klimatizeri. Hizi zinashika moto. R-600a iko ndugu wa gazi ya kupikia. Mufundi mwenye kuzoea kutia shalimo kwenye mupira wa shaba bila kutosha gazi kwanza, siku moja atachoma nyumba ya mutu, na yeye ndani.

Wafundi wetu waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi wanakutana na mambo ingine. Kule, tangu mwezi wa 11, 1994, mutu hauziwe gazi ya frigo kama hajapita mutihani wa kazi hiyo. Na Texas, mwenye kutaka kuchukua kontra kwa jina lake anaonyesha miezi 48 ya kazi chini ya mwenye lisansi, anafanya mutihani, analipa asiransi.

Kuileta hapa vile iko? Hapana. Lisansi ikikuja kama karatasi ingine ya kulipia, itakuwa barieri ingine, na mwenye makuta ataipata mbele ya mwenye kujua. Wafundi wengi walijifunza chini ya mukubwa wao, miaka na miaka, bila diploma. Hao wanaomba kupimwa mikono, si kuulizwa masomo. INPP, yenye kufundisha kazi tangu 1964, ingeweza kuwapima kwa bei ya chini na kuwapa kadi. Na wenye kuuzisha gazi wangeuliza kadi hiyo, maana mufundi yote, mwenye RCCM na mwenye hana, anapita kwa mulango wao.

Kwa sasa mwenye frigo anabakia mulinzi wa nyumba yake. Asome kibandiko nyuma ya frigo: kama kumeandikwa R-600a, amuambie mufundi mbele hajawasha shalimo. Amuulize kama iko na pompa ya kutosha hewa ndani ya mashini mbele ya kujaza gazi. Mwenye hana pompa, na anasema haina lazima, apewe transporti yake arudi.