Nani Kasema Afya ni ya Wenye Pesa?

Kaa kijiweni Kipawa, iwe Karakata au Majumba Sita, uanzishe mazungumzo ya kula vizuri na kufanya mazoezi. Jibu halitachelewa: "Hayo ni mambo ya watu wa Masaki." Wasemao hivyo si wavivu. Wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, na wapo wanaotoka zamu ya usiku viwandani kando ya Barabara ya Nyerere. Mtu aliyechoka hivyo akisikia neno afya, anaona jimu ya kulipia na mafuta ya zeituni. Hoja yake inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Tuanze na sahani. Kwa bei ya zege moja na soda, mama anarudi kutoka gengeni na kilo ya dona, fungu la mchicha na dagaa wa kuwatosha watu watatu. Soda hiyo, ikiwa ya mililita 350, ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Mlo ulio ghali, basi, ndio ule unaotudhuru. Kinachotuzuia si mfuko, ni sifa. Dona tumeiita chakula cha bweni na cha jela, tukaitukuza sembe nyeupe, ilhali pumba na kiini chenye virutubisho vimebaki mashineni, vikaliwa na kuku. Mgeni akija tunaona haya kumwandalia kile ambacho kingemfaa zaidi.

Mazoezi nayo hayana kiingilio. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kutoa jasho la wastani, kama kutembea kwa kasi. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala vinaonyesha inavyowezekana: alfajiri vijana kwa wazee wanaingia barabarani kwa raba na nyimbo, na jimu yao ni lami.

Kuhusu simu, hesabu ni nyepesi zaidi. Kulala mapema hakuhitaji bando. Kukesha na video ndiko kunakohitaji. Wanetu tunawapa simu ili wanywe uji bila kulia. Mwaka 2019, Shirika hilohilo lilishauri mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Rede, mdako na kuruka kamba havijawahi kuuzwa dukani.

Nakubali jambo moja katika malalamiko ya kijiweni. Maeneo ya wazi yamepungua, na mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu unamtisha mtembeaji, hasa mwanamke usiku. Hilo tulidai kwenye mikutano ya serikali za mitaa, tena kwa sauti. Lakini kudai uwanja hakumzuii mtu kupika mchicha leo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 wana kisukari. Hao wote hawawezi kuwa wa Masaki. Dawa za presha humezwa kila siku, mwaka hadi mwaka. Mwenye nacho akiugua ana bima na akiba. Mpakia mizigo akianguka kwa kiharusi, familia inauza kiwanja.

Kwa hiyo kauli ile ya kijiweni tuigeuze. Anayehitaji afya kuliko wote ni yule ambaye mwili wake ndio mtaji wake pekee. Ndugu msomaji, jioni ya leo shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea, na upitie gengeni kabla hujafika kwenye kibanda cha chipsi.