Kijana, usidharau kazi ya kunoa mikasi

Ukipita Naitiri, Ndalu au Kimilili, hukosi fundi cherehani kando ya barabara, saluni mbili tatu na kinyozi mwenye spika mlangoni. Wote hao wanategemea kitu kimoja ambacho hakizungumzwi: makali. Mkasi ukiwa butu, kitambaa kinajikunja badala ya kukatika. Mashine ya kinyozi ikiwa butu, inavuta nywele na mteja harudi tena.

Sasa jiulize, mikasi hiyo inanolewa na nani? Mara nyingi utaonyeshwa mzee mwenye jiwe juu ya baiskeli, au jamaa wa kuchomelea vyuma aliye na grainda. Hapo ndipo sisi tunaona kazi ambayo vijana wanaipita kila siku wakikimbilia boda ya mkopo na kubeti.

Wazee wa baiskeli tuwape heshima yao. Kwa panga na kisu cha jikoni, jiwe lao linatosha kabisa. Lakini mkasi si panga. Ni visu viwili vilivyofungwa kwa msumari mmoja, na vimepinda kidogo ili vigusane pale tu vinapokata, kuanzia karibu na msumari hadi nchani. Ukisaga upande wa ndani ovyo ovyo, mguso huo unapotea na mkasi ndio huo umekwisha.

Grainda nayo ni hatari zaidi. Ile ya kawaida ya mezani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, bila maji, makali membamba yanapata moto ndani ya sekunde chache. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, jua ugumu wake umeenda, na hata ukinoa tena hakitakaa na makali.

Mashine maalum ya kunoa mikasi imetengenezwa kuepuka balaa hilo. Ina kibano kinachoshika kisu kwa pembe ile ile mwanzo hadi mwisho, na kasi unaweza kuipunguza. Pembe inabadilika kulingana na kazi: mkasi wa kitambaa kizito si sawa na mkasi wa saluni. Vile vyuma vya meno vya mashine ya kinyozi husagwa vikiwa vimelazwa juu ya sahani bapa, uso kwa uso. Huo ni ujuzi, na ujuzi hulipwa.

Wateja wapo. Kabla ya shule kufunguliwa Januari, mafundi wa sare hukata vitambaa usiku na mchana. Huko miteremko ya Mlima Elgon, mkulima wa kahawa anahitaji mkasi mkali wa kupogoa, kwa sababu mkasi butu huponda tawi na kufungulia magonjwa njia. Ongeza bucha na hoteli za Kitale na Bungoma mjini.

Wapo watakaosema mikasi siku hizi ni rahisi, ikibutuka tupa ununue mingine. Muulize fundi cherehani anayejua kazi yake kama anaweza kutupa mkasi wake mzuri wa chuma. Huo wa bei rahisi atanunua leo, na baada ya muda mfupi yuko dukani tena.

Tusidanganyane, mashine yenyewe si bei ya chipsi. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, hukopesha mtu binafsi kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, na wengi huanzia chini. Kwa hivyo ni busara kuungana. Uwezo Fund hukopesha makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu katika maeneo bunge, Tongaren ikiwemo. Watu kadhaa, mashine moja, na ratiba: leo Naitiri, kesho Ndalu, keshokutwa Kitale.

Serikali za kaunti pia zina deni hapa. Katiba ya 2010 ilizikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Bungoma na Trans Nzoia zihakikishe kila chuo kinachofunza ushonaji na ususi kina mashine ya kunoa na mwalimu anayeijua. Haina maana kumfunza binti kushona kisha kumwacha bila njia ya kutunza mkasi wake.

Wewe nawe usingoje mkopo ndipo uanze. Tafuta kinoo, maji na mikasi mikuukuu iliyotupwa. Jifunzie hiyo kwanza, usiharibu ya mteja. Ukimaliza, kata kitambaa chembamba kutoka shina la mkasi hadi nchani. Kikikatika safi bila kuvutwa, nenda ukabishe mlango wa fundi cherehani aliye karibu nawe.