Kiswahili Hakishindwi na Sayansi

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, wala hakina nguvu za kubeba sayansi ya leo. Mimi ni mwalimu wa isimu, si mkemia. Hata hivyo, nimeonelea vyema kuipima hoja hiyo kwa jambo gumu: utengenezaji wa utando mwembamba wa polima uliosheheni chembe za nano.

Polima ni kemikali yenye molekuli ndefu, zilizoungana mithili ya shanga katika uzi. Plastiki ni mfano wake. Nanomita nayo ni sehemu moja kati ya bilioni moja za mita. Chembe za kiwango hicho, tuseme za silika, zikisheheni ndani ya polima, utando huwa mgumu na haukwaruziki upesi.

Taabu i katika kuchanganya. Chembe zikizidi, hugandamana zikawa mabonge, na mchanganyiko huwa mzito kama ugali hata usitandazike. Mnamo mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza njia ya kuukwepa mkwamo huo. Hawakuchanganya. Walitandaza polima kwanza, wakaweka tabaka la chembe juu yake, kisha wakavipasha moto kupita kiwango ambacho polima hulainika. Kwa polistireni ni takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Polima ikapanda yenyewe, ikajaza nafasi zilizokuwa baina ya chembe. Kwa njia hiyo, chembe zaweza kuchukua zaidi ya nusu ya ujazo wa utando.

Ilipandaje bila kusukumwa? Mwanafunzi wetu hupewa istilahi ya Kiingereza iliyotokana na neno la Kilatini lenye maana ya unywele, akaikariri hadi siku ya mtihani. Lakini mwambie kwamba polima ilipanda kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi, naye ataona kwamba kioevu huvutwa na kuta za vijia vyembamba, na kwamba kijia kikiwa chembamba zaidi, mvuto huzidi nguvu.

Wapinzani watasema kuwa nimekopa maneno: polima, nano, silika. Naam, nimekopa. Kiingereza nacho kilikopa nano na polima kutoka Kigiriki, na hakuna anayekiita lugha maskini. Isitoshe, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Upungufu wetu si wa maneno, bali wa watu walio tayari kuyatumia.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Mitihani ya sayansi nchini huandikwa kwa lugha hiyo, na si haki kumnyima mtoto silaha atakayohitaji. Ombi langu kwa walimu ni dogo: elezeni dhana kwa Kiswahili kwanza, kisha mtaje istilahi ya mtihani. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Heshima hiyo itakuwa ya karatasi tu iwapo lugha yenyewe itaachwa nje ya mlango wa maabara.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wenzangu, tuiname.