Risala ya Waliougua Kifua Kikuu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi tulio mbele yako tulimeza dawa za TB mpaka dozi ikaisha, na makohozi yetu yakapimwa yakaonekana safi. Hata hivyo wengine wetu tuliendelea kukonda na kukohoa damu, tukaanzishiwa dawa zilezile upya kwa sababu kituoni hapakuwa na kipimo kingine. Kumbe kilichotusumbua ni ukungu uitwao Aspergillus fumigatus, ambao huota ndani ya mashimo ambayo TB huyaacha kwenye mapafu. Mbegu zake zimo hewani na kila mtu huzivuta kila siku. Mwenye mapafu mazima huzimaliza bila kujua.

Tiba yetu ni vidonge vya itrakonazoli, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017 pamoja na vorikonazoli. Zote mbili ni za jamii moja, azoli. Zikishindwa, tunabakiwa na dawa za kudungwa mshipani, na mojawapo huumiza figo.

Manung'uniko yetu makubwa yanahusu mashamba. Azoli nyingine za jamii hiyohiyo, kama tebukonazoli, propikonazoli na difenokonazoli, hupulizwa kwenye ngano, kahawa, nyanya na maua. Mkulima hatumlaumu hata kidogo: kutu ikishika kahawa yake, ada ya watoto imekwenda. Tunachokilalamikia ni kwamba anayesajili viuatilifu na anayesimamia tiba hawaulizani. Dawa inayobaki kwenye malundo ya masalia ya mimea huukuta ukungu huu, ambao haukuwa umelengwa, nao huizoea.

Uholanzi waliyaona mapema. Walikuta ukungu sugu kwa wagonjwa ambao hawajawahi kumeza azoli, na wakaukuta tena kwenye taka za mashamba ya maua. Utafiti uliotolewa huko mwaka 2019 ulionyesha kuwa ukungu ukisambaa mwilini, wagonjwa 49 kati ya 100 wenye aina sugu walifariki ndani ya wiki sita. Wenye ukungu unaosikia dawa walikuwa 28. Wala si habari za mbali, Mheshimiwa. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kuwa wameukuta ukungu sugu wa namna hiyohiyo katika mazingira ya Tanzania. Kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa usugu.

Tunadai hospitali za kanda ziwe na uwezo wa kuotesha ukungu na kupima usugu wake, na mtu asirudishwe kwenye dawa za TB kabla ya kipimo hicho. Tunadai itrakonazoli itolewe bure, kama zitolewavyo dawa za TB.

Dai la tatu halisubiri. Olorofimu, dawa mpya ya jamii tofauti, ingali katika majaribio kwa wagonjwa, na tayari Marekani imesajili kiuatilifu cha shambani, ipflufenokwini, kinachoshambulia kimeng'enya kilekile. Maabara zimeonyesha kuwa ukungu ukikizoea hicho, huweza kuikataa na olorofimu. Kiuatilifu cha namna hiyo kisisajiliwe nchini bila idhini ya maandishi ya Wizara ya Afya, na masharti hayo yatangazwe kabla ya msimu ujao wa kupuliza kahawa.