Mpira wa katikati ni wa nani?

Wiki hii soka tuliweke pembeni, tuongee tenisi, tena ile ya wawili wawili. Maana nimeshuhudia urafiki wa miaka ukivunjika kwa mpira mmoja tu uliopita katikati. Huyu anamwangalia yule, yule anamwangalia huyu, mpira huyoo! Kisha lawama, kununiana, na Jumamosi inayofuata mtu haji mazoezini.

Tuanze na shuti la mstari wa nyuma. Wengi wanadhani dili ni nguvu. Wapi! Kiwanja cha mmoja mmoja kina upana wa mita 8.23, cha wawili mita 10.97. Watu wameongezeka mara mbili, kiwanja mita 2.74 tu. Nafasi ni finyu, shabaha ndiyo kila kitu.

Mazoezi yetu sisi ni ya makopo. Tunaweka mawili, hatua moja ndani ya mstari wa nyuma, moja pembeni na jingine katikati. Kila mtu mipira 20. Mpira upite juu ya neti kama mita moja hivi, ndipo utue mbali. Ukiwa mfupi, jamaa aliyesimama netini anakumaliza. Upepo wa ziwa ukiwa mgongoni kwako, punguza kidogo. Ukikupiga usoni, ongeza.

Ukibanwa, piga katikati. Pale neti ina sentimeta 91, wakati kwenye nguzo ni 107. Halafu waache wapinzani waulizane ni wa nani.

Sasa na nyie msinaswe humo humo. Itaneni! "Wangu!" "Wako!" "Acha, unatoka!" Konda asipogonga bodi, dereva wa basi la Bunda atajuaje kama abiria kashuka? Mmoja akivutwa pembeni, mwenzake asogee kuziba katikati. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na kwenye bao unawaza kimya kimya. Huku unachowaza lazima mwenzio akisikie.

Mnabisha? Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa vijana, wasichana wawili wawili, kule Wimbledon. Walianza kwa kufungwa 3-6, wakajibu 6-4, wakamaliza 11-9. Mmoja wa waliolala siku ile ni Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alibeba peke yake ubingwa wa wakubwa Montreal. Umeona? Kipaji cha mmoja hakitoshi pale wawili wanapoelewana. Hao wametoka mabara mawili. Wewe na jirani yako wa Nyasho mnashindwa nini?

Basi mkipoteza pointi, gonganeni mikono, mcheze inayofuata. Anayekulaumu kila mpira huyo si mwenzako, ni mpinzani wa tatu uwanjani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.