Tafuta Kijiti Alichoangukia Mtoto



Mtoto akianguka, kijiti kikamchoma kwenye kope, wazazi hutazama mambo mawili. Je, damu imekoma? Je, mtoto anaona? Wakiridhika husema, "Ni mchubuko tu." Mimi sikubali. Kwanza tujue kama hakuna kitu kilichobaki ndani.

Jicho limekaa katika tundu la mifupa. Kando ya jicho mna mafuta na misuli. Kijiti huweza kupenya hapo bila kulitoboa jicho, kikavunjika, ncha ikabaki. Kope hufunga upesi. Nje unaona kovu dogo, kumbe ndani usaha unaanza. Na mfupa unaotenga tundu hilo na ubongo ni mwembamba. Usaha ukifika kwenye ubongo, mtoto anaweza kufa.

Mimi mwenyewe nilikosea. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi aliletwa mtoto wa miaka minne. Alikuwa ameangukia bua la mtama. Nilisafisha kidonda, nikampa dawa. Uvimbe ulishuka. Baada ya wiki mbili usaha ulitoka palepale. Nikampa dawa tena. Mara ya tatu alikuja na bibi yake. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, ncha ya lile bua iko wapi?" Sikuwa na jibu. Tulimpeleka hospitali kubwa, akapasuliwa, kikatolewa kipande kirefu kama kiungo cha kidole. Leo anaona vizuri. Lakini swali lile lilikuwa langu kuliuliza, tena siku ya kwanza.

Basi, mtoto akichomwa, tafuta kile kijiti, uende nacho kwa mganga. Tazama kama ncha imevunjika. Waulize watoto aliokuwa akicheza nao. Usimpige, maana mtoto anayeogopa fimbo huficha.

Kama kijiti bado kimesimama kwenye kope, usikichomoe. Kukichomoa ni kazi ya hospitali. Kifunike kwa kikombe kisafi bila kukigandamiza, uondoke naye mara moja. Usitie majani, mkojo wala maziwa. Uliza pia habari za sindano ya pepopunda. (Vumbi lililoingia jichoni ni jambo jingine. Hilo huoshwa kwa maji safi mengi.)

Hata baada ya kovu kufunga, mwangalie. Jicho likitokeza nje, lisipogeuka vizuri, akiona vitu viwili viwili, au usaha ukirudi, mpeleke hospitali. Akiwa na homa, akitapika, akilalamika kichwa au akisinzia mno, usingoje kuche.

Huko hospitali atapigwa picha. Eksirei huonyesha chuma vizuri, lakini mti mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo picha isipoonyesha kitu, na usaha bado unatoka, ujue kazi haijaisha. Hospitali kubwa zina mashine ya CT, ambayo huona zaidi.

Najua nauli ni ghali, na pengine mavuno yako shambani. Ndiyo sababu nakuomba useme wazi ukifika kwetu: "Kidonda kilifunga, kikafunguka tena." Mganga akitaka kukupa dawa ileile kwa mara nyingine, hata kama mganga huyo ni mimi, mwombe barua ya kwenda hospitali.